Walioachwa Ukingoni

Jumatatu, 3 Juni

Nimeanza kazi nyumba mpya leo, Pearland, nje kidogo ya Houston, kwa mzee wa miaka tisini na mbili anayeitwa Walter. Moyo wake umechoka na mapafu yanajaa maji, kwa hiyo anashinda kwenye kochi na mpira wa oksijeni puani, na mashine inanguruma pembeni yake kutwa. Amesaini karatasi kwamba hataki kurudishwa hospitali tena. Kazi yangu ni kumwogesha, kumlisha, na kuwa naye mpaka siku yake ifike. Nalala hapo hapo siku sita, Jumapili narudi kwangu.

Kila kitu natakiwa kukiandika kwenye simu ya kampuni: amekula, amekunywa, amepata choo. Mengine simu haina nafasi nayo. Hayo nitayaandika hapa, kwa Kiswahili, kwa sababu kule Tanzania, kambini Mtabila, nilijaza daftari za zahanati kwa Kiswahili miaka kumi na mkono umezoea. Kirundi nimekibakizia sala.

Binti yake, Lorraine, mwalimu mstaafu, alinitembeza. Sebuleni kuna picha ya meli ya kijivu. "Baba alikuwa baharia vita vya Korea," akaniambia. "Meli yake iliwatoa wakimbizi elfu tatu kwa siku moja, wakati wa baridi kali, adui akiwa nyuma yao." Nikamwambia na mimi nilikuwa mkimbizi. Akanishika mkono, machozi yakamlenga.

Mzee, niliyedhani amelala, akasema, "Lorraine, mwonyeshe jiko."

Jumatano, 5 Juni

Joto. Mzee hataki kiyoyozi. Nimelowa kama niliyenyeshewa.

Ijumaa, 7 Juni

Nimemwosha miguu. Vidole viwili vya mguu wa kushoto havipo. "Baridi ya Korea," akasema, kisha akavuta blanketi. Nje nyuzi tisini na saba za Fahrenheit, yeye anavuta blanketi.

Jina langu limemshinda. Gaudiose limekuwa Gady. Nimemfundisha mara nne, nimeacha.

Jumapili, 9 Juni

Élodie amepiga simu kutoka Garland, karibu na Dallas. Kila mwaka siku yake ya kuzaliwa ananipigia yeye, badala ya mimi kumpigia. "Bila wewe, mama, leo nisingekuwa na mwaka wa kuhesabu," akasema. Ana thelathini na nne sasa, na watoto wawili. Siye mwanangu. Nilimpakata tu kwenye mtumbwi tulipovuka mto Malagarasi kukimbia vita Burundi mwaka tisini na tatu, mama yake alipokufa maji. Nilikuwa na miaka kumi na sita.

Nikamwambia asilie. Nilipokata simu nilitoa nguo zilizokwisha kufuliwa nikazifua tena.

Jumatatu, 17 Juni

Wageni. Mchungaji wa kanisa la Wakorea la huko Houston, na mama mmoja mzee, mdogo wa umbo, nywele nyeupe kama pamba, anaitwa Mama Yun. Wanafanya sherehe tarehe 27 Julai, kuwashukuru mabaharia waliowatoa watu wao. Waliobaki hai ni wachache. Katika jiji hili lote wamempata Mzee Walter peke yake.

Mama Yun alikuwa na miaka sita. Akaeleza kwa Kiingereza cha polepole kwamba aliingia katika meli kama ile ya pichani, hajui jina lake, akiwa ameshikwa mkono na mama yake. Akainama mbele ya mzee mpaka kichwa kikakaribia magoti. "Asante kwa maisha yangu," akasema.

Mzee akageuza uso dirishani. "Mmekosea nyumba," akasema. "Lorraine, wasindikize."

Lorraine aliona haya mpaka shingo ikawa nyekundu. Mama Yun hakuonyesha kuudhika. Alisimama kwanza akaitazama ile picha, kisha akaenda.

Mimi ndiye niliyekasirika. Walipotoka nikamwambia, "Mtu amebeba shukrani miaka sabini na zaidi, unamfukuza? Mimi ningewabusu mikono watu walionivusha."

"Nani alikuvusha wewe?" akaniuliza.

Nikaenda kukoroga uji.

Alhamisi, 20 Juni

Hatusemezani. Lorraine ananiomba nimshawishi. "Wewe atakusikia," anasema. Sijui anayaona wapi masikio ya kunisikia.

Jumatatu, 24 Juni

Nyuzi mia moja na moja. Amekula ndizi nusu.

Ijumaa, 28 Juni

Naandika mchana huu yeye amelala, kabla maneno hayajanipotea.

Nilikuwa namkata kucha za mikono. Akauliza, "Gady, ulivuka wapi?" Nikasema mtoni. Akauliza kama chombo kilijaa. Nikasema kilijaa. Nikarudi kwenye kucha. Kisha akasema, macho juu darini:

"Meli yetu ilikuwa ya kushushia vifaru. Mdomo wake wa mbele unafunguka, linashuka daraja la chuma mpaka nchi kavu. Mimi nilikuwa kwenye winchi ya kulipandisha lile daraja. Miaka kumi na tisa, mtoto wa mkulima wa pamba. Walipanda tangu asubuhi. Wazee, ng'ombe, cherehani, watoto wamefungwa migongoni. Palipojaa wakaendelea kupanda. Alasiri ofisa akatoa amri: pandisha. Nikamwambia bado kuna watu juu ya daraja. Akasema pandisha, tukizama tutazama wote. Nikapandisha."

Mikono yake ilikuwa ndani ya yangu. Nilishindwa kukata kucha, nikaishika tu.

"Waliokuwa katikati waliteleza wakaingia ndani. Waliokuwa ukingoni walining'inia. Nikasimamisha winchi. Ofisa akapiga kelele. Kulikuwa na mwanamke, uso wake uko hapo, kama wewe ulipo sasa. Hakupiga kelele. Alinitazama tu, aone nitafanya nini. Alikuwa na mtoto mgongoni."

"Ukafanya nini?"

"Unajua nilichofanya. Daraja likafunga." Mashine ikanguruma muda mrefu. "Kesho yake asubuhi nikapewa ndoo ya maji ya moto na brashi, nikasafishe ule ukingo. Kulikuwa na vitu vimegandia pale. Vya mikono saba tofauti. Nilivihesabu. Tulipofika kusini wakatupa barua za pongezi."

Hakulia. Akasema Lorraine asiambiwe akiwa yeye yu hai. "Nikishakufa, akikuuliza, usimdanganye."

Nikasema sawa. Nikaenda bafuni, nikafungua bomba, nikakaa sakafuni.

Jumamosi, 29 Juni

Nimemwogesha bila kumtazama usoni.

Jumapili, 30 Juni

Misa sikwenda.

Tangu juzi namchukia mzee yule, na najua kwa nini, na nisipoandika leo sitaandika kamwe.

Tulifika Malagarasi alfajiri. Mtumbwi ulikuwa mmoja, mwenye mtumbwi ana haraka, upande wetu risasi zinasikika. Scholastique alikuwa jirani yetu nyumbani, mlima mmoja, maji tunachota pamoja. Alikuja mbio akiwa na mtoto wake wa miaka mitatu. Akanirushia mtoto mimi niliyekaa mwishoni. Nikampokea. Mtumbwi ukasukumwa. Scholastique akaingia majini mpaka kifuani, akashika ukingo kwa mikono miwili ajipandishe. Mtumbwi ukalala upande, maji yakaingia, mama yangu akapiga yowe. Mwenye mtumbwi akasema, "Mtoe huyo, au tunakwenda wote."

Mimi ndiye niliyekuwa karibu naye. Mkono wa kushoto nimemshika Élodie. Kwa mkono wa kulia nikabandua vidole vya mama yake, kimoja kimoja. Aliniita jina. Hakunitukana. Aliniita jina langu kama mtu anayeamsha mwenzake.

Ng'ambo tulisema maji yalimchukua. Mama yangu alisema hivyo, nami nikasema, mpaka ikawa ndivyo ilivyokuwa. Mama amekufa. Mwenye mtumbwi sijui yuko wapi. Nimebaki mimi na simu ya kila Juni.

Jumanne, 2 Julai

Nilimtazama leo. Ni mzee tu. Anaogopa sabuni isimwingie machoni.

Jumamosi, 6 Julai

Lorraine amekwenda Irving kumwona mjukuu aliyezaliwa wiki hii. Atarudi Jumanne. Kuna kimbunga baharini, wanasema kitapita mbali.

Jumapili, 7 Julai

Hakipiti mbali. Nimebaki huku, sikwenda nyumbani. Nimejaza maji beseni la kuogea na sufuria zote.

Jumatatu, 8 Julai

Kimepiga alfajiri. Mwaloni wa jirani umeanguka juu ya uzio wetu. Umeme umekatika saa kumi na mbili kasoro, na mashine ya oksijeni ikapiga kelele kama mtoto aliyenyang'anywa ziwa. Nikamhamishia kwenye mtungi. Mitungi ni mitatu, mmoja unamtosha kwa muda wa saa kumi na mbili hivi, tukibana.

Mchana upepo ukaisha, jua likatoka, likaanza kutupika. Nilipiga simu kampuni ya umeme: hawajui lini. Lorraine amepiga analia: ameshikwa na Covid huko Irving, hawezi kumkaribia baba yake.

Jumanne, 9 Julai

Dada Joyceline, msimamizi wetu, Mtanzania anayeishi mitaa ya nyuma, ameleta mitungi miwili na ndoo ya barafu. Kwake pia giza. Jasho linamtoka, sare ya hospitali imemgandia. "Gaudiose, nime-call wale wa mitungi mara sita, wanasema subiri. Hospitali ziko full, watu wamelala kwenye korido. Na mzee mwenyewe ameshakataa hospitali."

"Kwa hiyo, dada?"

"Kwa hiyo mpepee. Mlowanishe. Na umwambie Mungu."

Ndani ya nyumba nyuzi tisini na tatu. Leo mzee hakuomba blanketi.

Jumatano, 10 Julai

Asubuhi umebaki mtungi mmoja. Midomo yake ilianza kuwa na rangi ya zambarau. Nilikuwa nampepea na kifuniko cha boksi niliposikia gari. Mchungaji yule, vijana wawili, na Mama Yun. Lorraine aliwapigia. Wamekuwa wakizunguka na jenereta kwa wazee wa kanisa lao, wakatuletea moja.

Waliiweka nyuma ya nyumba, wakapitisha waya dirishani. Mashine ikaamka. Nikaona kifua chake kinapanda, nikamshukuru Mungu kwa Kirundi.

Vijana walikwenda nyumba nyingine na mchungaji. Mama Yun akabaki. Akavuta kiti karibu na kochi, akachukua kitambaa mkononi mwangu, akaanza yeye kumlowanisha mzee paji la uso.

Mzee akamshika kifundo cha mkono. "Hapana," akasema. "Sikiliza kwanza."

Akamwambia. Maneno machache, pumzi inakatika kila mahali. Winchi. Ofisa. Ukingo. Aliposema saba, Mama Yun aliweka kitambaa chini.

"Yule mwanamke," akasema, "alivaa nini?"

"Sijui. Nguo nyeupe. Wengi walivaa nyeupe."

"Mtoto alikuwa mgongoni?"

"Ndiyo."

"Mama yangu mdogo alibaki gatini. Alikuwa amembeba mdogo wangu mchanga mgongoni, kwa sababu mama alinishika mimi na mizigo. Walikuwa nyuma yetu hatua tano. Mama aligeuka, hakuwaona." Sauti yake haikupanda. "Ilikuwa meli yako?"

"Sijui," mzee akasema. "Kulikuwa na meli nyingi. Sijui."

Nilitamani aseme ndiyo au aseme siyo. Hata uongo ungenifaa. Lakini hakuwa na la kumpa zaidi ya hilo.

Mama Yun akabaki kitini. Nilihesabu pumzi za mzee, zilifika arobaini. Kisha akainuka, akachukua mkoba wake, akatoka kwa mlango wa mbele. Nilimwona dirishani amesimama barabarani juani, hana mwavuli, akisubiri gari la kumchukua. Nikampelekea maji. Hakuyapokea.

Jenereta hawakuja kuichukua.

Alhamisi, 11 Julai

Ameamka akiwa na akili timamu. Hakula. Mchana nilivuta kiti kile kile.

Nikamwambia habari za Scholastique. Kwa Kiingereza ilikuwa fupi mno. Sikuwa na maneno mengi, kwa hiyo nikamwonyesha kwa mkono: hivi, kimoja, kimoja.

Alisikiliza mpaka mwisho. Hakusema nilikuwa mtoto. Hakusema vita ni vita. Nilikuwa nimejiandaa kumchukia kama angesema hivyo.

"Na yule mtoto mdogo?" akauliza.

"Yuko Garland. Ananiita mama."

"Anajua?"

"Hapana."

Alivuta pumzi kadhaa. "Mimi sikujua nimwambie nani. Miaka yote natazama nyuso za Wakorea madukani, nawaza, labda huyu. Wewe namba yake unayo, Gady."

Nikakasirika. "Wewe umemwambia Mama Yun, umepata nini?"

"Hakuna," akasema. "Yeye ndiye amepata. Sasa hana haja ya kuniinamia."

Ijumaa, 12 Julai

Amefariki saa nne asubuhi. Nilikuwa nabadilisha shuka, nikageuka, alikuwa amekwisha kwenda. Nilimfumba macho, nikazima mashine, nikaenda nyuma kuzima jenereta. Ukimya ulinilemea mpaka nikakaa kwenye majani.

Umeme umerudi jioni.

Jumatano, 17 Julai

Mazishi. Wanajeshi wawili vijana walikunja bendera, wakampa Lorraine. Mchungaji wa kanisa la Lorraine akasema marehemu alifungua mlango kwa maelfu. Nilitazama viatu vyangu.

Jumamosi, 27 Julai

Sherehe imefanyika bila mwenyewe. Lorraine aliniomba twende wote. Ukumbi wa kanisa, viti vimejaa, watoto wameimba. Mama Yun ndiye aliyepangiwa kutoa tuzo, ubao wenye jina la Mzee Walter kwa dhahabu. Nilidhani hatapanda jukwaani. Akapanda. Alimkabidhi Lorraine kwa mikono miwili, akashuka. Hakuinama.

Nilimkuta kwenye meza ya chai. "Binti yake sikumwambia," akaniambia. "Si kazi yangu."

"Jenereta ile, mama. Nilitaka kukushukuru."

"Jenereta haikuwa msamaha," akasema. "Kulikuwa na joto."

Nje, kwenye maegesho, Lorraine alisimama na ubao kifuani. Akaniuliza, "Siku zile za mwisho, baba alizungumza nini? Nilikosa kila kitu, Gaudiose. Niambie kitu."

Ningeweza kumwambia alimtaja yeye. Alimtaja, mara mbili. Lakini mzee alisema nisimdanganye akiuliza, na ameuliza. Nikamwambia yote, jua la saa nane likituchoma, watu wakipita na sahani zao wakitusalimia.

Alinisikiliza bila kupepesa. Mwishoni akasema, "Alikuwa na miaka kumi na tisa." Akasema tena. Kisha akafungua mlango wa gari, akaulaza ule ubao kwenye kiti, kifudifudi, akaondoka. Nilirudi nyumbani kwa basi.

Jumanne, 30 Julai

Dada Joyceline amepiga. Lorraine hakunishtaki. Ameomba tu nisimpigie simu tena. Nina mgonjwa mpya kuanzia Jumatatu, bibi mwenye kisukari.

Jumatatu, 5 Agosti

Bibi mzuri. Anapenda televisheni.

Jumapili, 11 Agosti

Misa. Nilifika mpaka mlango wa kitubio, nikarudi. Padre angenisamehe kwa dakika tano. Si mama yake yeye niliyembandua vidole.

Alhamisi, 15 Agosti

Niliomba ruhusa ya siku mbili, nikapanda basi la kwenda Dallas, na jingine mpaka Garland. Élodie anafanya kazi ghala moja zamu ya usiku, mchana yuko nyumbani. Sikumwambia nakuja.

Alifungua mlango amefunga kitambaa kichwani, akapiga kelele ya furaha, akanikumbatia mpaka mkoba ukadondoka. "Mama! Na hukusema! Mkweo Nestor atafurahi akitoka kazini. Vua viatu, kaa, maharage yako jikoni." Nikavua viatu, nikakaa. Nikamwambia azime jiko.

"Kuna msiba?"

"Wa zamani," nikasema.

Nilimwambia kwa Kirundi. Nilikuwa nimepanga maneno njia nzima, hakuna hata moja lililokuja. Nikasema tu: maji hayakumchukua mama yako. Mama yako alishika mtumbwi. Mimi nilimtoa.

Alikaa kwenye kiti cha mtoto, kile cha plastiki, magoti juu. Hakulia. Kisha akauliza:

"Mkono gani?"

Nikamwonyesha wa kulia. Akausogelea, akautazama bila kuugusa, kiganja, kisha nyuma, kama mtu anayesoma karatasi ya serikali.

"Alisema kitu?"

"Aliniita jina langu."

"Jina langu mimi hakuita?"

Hilo hakuna aliyewahi kuniuliza, hata mimi mwenyewe sijawahi kujiuliza. Nilirudi pale majini, nikasikiliza. "Sikumbuki," nikasema. "Ningependa kusema aliita. Sikumbuki."

Akatikisa kichwa, taratibu. Akainuka, akaenda jikoni, akasimama kule amenipa mgongo, mikono juu ya jiko lililozimwa. Saa ya ukutani ilikuwa tisa na robo. Aliporudi uso ulikuwa umefungwa.

"Gaudiose," akasema. Tangu nimpokee mtumbwini hajawahi kuniita hivyo. "Watoto wanatoka shule saa kumi. Nisingependa wakukute."

Nikasema nimeelewa. Nikaenda mlangoni kuvaa viatu. Kamba ikanishinda, nikaanza upya, ikanishinda tena. Élodie alikuwa amesimama pale pale ameshika mlango wazi, joto la nje likiingia ndani. Hakunisaidia. Hakunihimiza. Alisubiri mpaka nikafunga vyote viwili.